Muhammad bin Sirin: Mfasiri wa ndoto aliyeogopa kufasiri

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake wote.

Ndugu msomaji, nyumba nyingi za vitongoji vya jiji letu la Dar es Salaam, kuanzia Mwananyamala na Magomeni hadi Tandika na Mbagala, zinalijua jambo hili. Mzazi amefariki, maziko yamekwisha, wageni wametawanyika na mikeka ya msiba imekunjwa. Haupiti muda mrefu ila mmoja wa wafiwa huamka alfajiri huku machozi yakimtiririka, kwani amemwona marehemu usingizini. Pengine amemwona amevaa kanzu nyeupe na uso wake umekunjuka, naye hufarijika siku nzima. Pengine amemwona ameketi pembeni, kimya, kana kwamba ana kiu au hakuridhika na jambo. Hapo nyumba nzima huingiwa na wasiwasi. Mmoja husema achinjwe mbuzi. Mwingine husema aendewe mganga. Wa tatu hudai kwamba marehemu amemwagiza kuwa vyumba vya mbele, vile vyenye wapangaji, apewe yeye. Na mjane, ambaye bado yumo katika eda, hukaa ndani akisikia mambo ya nyumba yake yakiamuliwa kwa ndoto ya mtu mwingine.

Katika mazungumzo ya namna hii ndipo hutajwa jina la Ibn Sirin. Vijitabu vya tafsiri ya ndoto vyenye jina lake vimekuwa vikiuzwa kwa miaka mingi pamoja na misahafu, tasbihi na udi, na siku hizi hata katika simu za mkononi zimo orodha zinazonasibishwa naye: nyoka maana yake hivi, jino kung'oka maana yake vile, maiti akikupa kitu ni heri, akikuchukulia kitu ni shari. Wanaolitaja jina lake ni wengi, lakini wanaoyajua maisha yake ni wachache. Laiti tungeyajua, huenda tungezipokea ndoto zetu kwa namna nyingine kabisa.

Asili na malezi yake

Jina lake ni Muhammad bin Sirin, na kuniya yake ni Abu Bakr. Alizaliwa yapata mwaka wa 33 Hijria, sawa na mwaka 653 au 654 Miladia, katika miaka ya mwisho ya ukhalifa wa Sayyidna Uthman (R.A.). Aliishi na kufariki katika mji wa Basra, kusini mwa Iraq.

Baba yake, Sirin, hakuwa Mwarabu wala hakuwa mtu wa ukoo mkubwa. Alikuwa fundi wa vyungu vya shaba, mwenyeji wa Jarjaraya huko Iraq. Mwaka wa 12 Hijria (633) jeshi la Khalid bin Walid (R.A.) lilipoiteka Ainut-Tamr, Sirin alikuwa miongoni mwa mateka, na hatimaye akawa mtumwa wa Sahaba Anas bin Malik (R.A.), yule aliyemhudumia Mtume (S.A.W.) kwa miaka kumi. Sirin alikuwa mchapakazi mwenye mali, akamwomba Anas waandikiane mkataba ili ajikomboe kwa malipo. Anas alisita. Sirin akalifikisha shauri hilo kwa Khalifa Umar bin Khattab (R.A.), naye akamlazimisha Anas akubali, akimkumbusha aya ya Suratun-Nur inayoamrisha jambo hilo. Hivyo Sirin akawa huru kwa jasho lake.

Mama yake ni Safiyya, aliyekuwa mjakazi wa Sayyidna Abu Bakr (R.A.) kisha akaachwa huru. Imepokewa kwamba siku ya harusi yake alitiwa manukato na watatu kati ya wakeze Mtume (S.A.W.), na kwamba harusi hiyo ilihudhuriwa na Masahaba kumi na wanane waliopigana Badr, huku Ubayy bin Kaab (R.A.) akiomba dua nao wakiitikia. Huo ndio mlango ambao Ibn Sirin aliingilia duniani: mtoto wa watu wawili waliowahi kuwa watumwa, aliyezaliwa katikati ya watu walio bora kuliko wote baada ya Mitume.

Heshima yake kwa mama yake ilikuwa ya kupigiwa mfano. Alipozungumza naye aliishusha sauti yake mpaka asiyemjua akadhani kwamba ni mgonjwa. Alipomnunulia nguo alitazama ulaini wake kuliko kudumu kwake, na ilipokaribia Idi alimtilia nguo zake rangi kwa mikono yake mwenyewe.

Elimu yake

Ibn Sirin alisoma kwa Anas bin Malik, Abu Hurayra, Abdullah bin Umar, Imran bin Husayn na Masahaba wengineo, Mwenyezi Mungu awaridhie wote. Alikuwa na uzito wa masikio, lakini alizipokea Hadithi kwa uangalifu mkubwa, na alipendelea kuzinukuu kwa maneno yale yale aliyoyasikia bila ya kupunguza wala kuongeza herufi. Ni yeye aliyewahimiza watu waiangalie elimu wanayoipokea inatoka kwa nani, kwa kuwa elimu hiyo ndiyo dini yenyewe. Tulikumbuke neno hili, kwani tutalihitaji mbele.

Kazi yake ya kumpatia riziki ilikuwa biashara ya nguo. Mchana alikuwa mtu wa watu, mcheshi, anayecheka na kutania sokoni. Usiku jirani zake walimsikia akilia katika sala. Alikuwa akifunga siku moja na kula siku moja. Alipoulizwa jambo la halali na haramu rangi yake ilibadilika kwa hofu, kana kwamba si yule aliyekuwa akicheka muda mchache uliopita.

Kuna elimu nyingine aliyoijua sana, nayo haitajwi katika vijitabu vya ndoto: elimu ya kuosha maiti. Yeye na dada yake Hafsa waliipokea kwa Ummu Atiyya (R.A.), yule Sahaba wa kike aliyeshiriki kumwosha binti yake Mtume (S.A.W.) na kuelekezwa na Mtume mwenyewe namna ya kuosha: kwa idadi ya witiri, kwa maji na majani ya mkunazi, na kafuri katika mara ya mwisho. Kila anapooshwa Muislamu hapa kwetu kwa kafuri, mkono wa Ummu Atiyya umo, na miongoni mwa waliotufikishia ni Ibn Sirin na dada yake. Hivyo aliyekuja kujulikana kwa ndoto alikuwa kwanza mtu wa kuwahudumia wafu kwa mikono yake, akiwa macho.

Mafuta, deni na jela

Tukio lililomwonyesha Ibn Sirin ni mtu wa namna gani lilimpata katika biashara. Katika mapokezi yaliyo mashuhuri, alinunua mafuta ya kula kwa mkopo, yenye thamani ya dirhamu 40,000. Alipofungua chombo kimoja akamkuta panya aliyekufa. Angeweza kukimwaga chombo kile peke yake na kuuza vilivyobakia. Lakini akafikiri kwamba mafuta yote yalitoka katika kinu kimoja, na huenda panya yule alifia kinuni, hivyo yote yakawa yamenajisika. Akayamwaga yote. Deni likabaki shingoni mwake, mwenye mali akamshitaki, naye akatiwa gerezani.

Mlinzi wa gereza alimwonea huruma. Akataka kumruhusu aende kulala kwake kila usiku na kurejea asubuhi. Ibn Sirin akakataa, akieleza kwamba hatamsaidia kuihini amana aliyokabidhiwa na mtawala. Hakumlaumu mtu yeyote kwa masaibu yale. Alisema ni malipo ya dhambi yake mwenyewe, kwa kuwa miaka mingi nyuma aliwahi kumdhihaki mtu kwa umasikini wake.

Alipokuwa gerezani ikamfikia habari nzito. Anas bin Malik, bwana wa zamani wa baba yake na mwalimu wake, amefariki dunia. Ilikuwa yapata mwaka wa 93 Hijria (712). Anas alikuwa ameusia kwamba atakayemwosha na kumsalia ni Muhammad bin Sirin. Watu wakamwendea liwali wakaomba ruhusa, naye akairidhia. Ibn Sirin hakutoka. Akawaambia kwamba aliyemfunga si liwali bali ni mwenye deni lake, na mwenye haki ya kumruhusu ni yeye. Wakaenda kwa mwenye deni, naye akaridhia. Ndipo akatoka, akamwosha Anas, akamvisha sanda, akamsalia, kisha akarejea gerezani moja kwa moja bila ya kupita nyumbani kuwaona watu wake.

Tulizingatie tukio hili. Wosia wa Anas aliutimiza kwa sababu ulitamkwa na mtu aliye hai mbele ya watu. Na hata katika kuutimiza hakuidharau haki ya mdai wake. Kwa Ibn Sirin, mapenzi kwa marehemu hayakuwa kisingizio cha kuipita haki ya aliye hai.

Namna alivyozipokea ndoto

Mwenyezi Mungu alimpa kipaji cha kufahamu ndoto, na watu wakamjia kutoka kila upande. Hata hivyo wanafunzi wake wamesimulia kwamba aliweza kuulizwa ndoto nyingi mno asijibu hata moja, ila kumwambia muulizaji amche Mungu awapo macho, kwani akifanya hivyo alichokiona usingizini hakitamdhuru. Alikiri wazi kwamba anachokisema ni dhana yake, na kwamba dhana hupata na hukosa.

Hakuwa na orodha ya maana za vitu. Husimuliwa kwamba walimjia watu wawili, kila mmoja ameota anaadhini. Mmoja alimbashiria kwamba atahiji. Mwingine alimwonya kwamba ataiba na atakatwa mkono. Walipomshangaa, akaeleza kuwa aliyemwona ana dalili za wema alimkumbusha adhana ya Hija iliyoamrishwa Nabii Ibrahim (A.S.), na aliyeiona hali yake si njema alimkumbusha ile sauti ya mnadi katika kisa cha Nabii Yusuf (A.S.) aliyewatangaza wenye msafara kuwa ni wezi. Ndoto ni moja, waotaji ni wawili, na maana ni mbili. Basi itawezekanaje kijitabu kisichotuona nyuso zetu kitupe jibu moja sote?

Kuhusu vijitabu hivyo, ni vyema ifahamike kwamba kitabu kinachochapishwa sana kwa jina lake kilikusanywa na watu waliokuja karne nyingi baada yake, na ndani yake wametajwa watu ambao yeye hakuwahi kuwaona wala zama zao. Mtu aliyehimiza tuangalie elimu yetu inatoka kwa nani, amenasibishiwa elimu isiyotoka kwake.

Kilichothibiti kutoka kwake kimo katika Sahihi ya Imamu Bukhari, aliposimulia kutoka kwa Abu Hurayra kwamba Mtume (S.A.W.) ameifanya ndoto ya Muumini kuwa ni sehemu moja katika sehemu 46 za Utume. Katika mapokezi hayo hayo ndoto zimegawanywa mafungu matatu. Lipo fungu la bishara kutoka kwa Mwenyezi Mungu. Lipo la vitisho vya shetani. Na lipo la nafsi kujizungumzia yenyewe, yaani yale yanayomshughulisha mtu mchana kumrudia usiku. Anayeona la kumchukiza ameelekezwa asimsimulie mtu, bali ainuke asali.

Fungu hili la tatu lina mengi ya kutuambia sisi tuliofiwa. Binti aliyemuuguza mama yake miezi sita, akamnywesha uji na kumgeuza kitandani, atakosaje kumwona mama huyo usingizini akiomba maji? Nafsi yake bado inauguza. Ndoto hiyo haimaanishi kwamba mama anateseka kaburini. Inaonyesha kwamba binti alipenda, na kwamba bado hajazoea kuketi bila ya kazi ile.

Ujumbe wa Thabit bin Qays

Je, yawezekana basi marehemu akaleta ujumbe wa kweli? Qur'ani katika Suratuz-Zumar inatufahamisha kwamba Mwenyezi Mungu huzichukua roho wakati wa mauti, na zile zisizokufa huzichukua usingizini, kisha huzizuia zilizohukumiwa mauti na kuzirejesha nyingine mpaka muda maalumu. Kutokana na aya hiyo wapo maulamaa waliosema kwamba roho za walio hai na za waliokufa huweza kukutana.

Mfano mashuhuri kuliko yote ni wa Thabit bin Qays (R.A.), khatibu wa Maansari, aliyeuawa shahidi katika vita vya Yamama. Anas bin Malik mwenyewe alikuwapo Yamama, alimwona Thabit akijipaka manukato ya maiti kabla ya kuingia vitani, na bila shaka nyumba aliyolelewa Ibn Sirin iliijua vyema habari yake. Baada ya kuuawa, mtu mmoja katika jeshi alimwona usingizini. Thabit akamwambia kwamba deraya yake imechukuliwa na mtu fulani, ambaye hema lake liko mwisho wa kambi, na farasi amefungwa karibu yake. Deraya imefunikwa kwa chungu na juu ya chungu pana matandiko ya ngamia. Akamtaka amweleze Khalid bin Walid aitwae, na akifika Madina amjulishe Khalifa Abu Bakr kwamba anadaiwa deni kadhaa, na kwamba fulani katika watumwa wake yu huru. Akamtahadharisha asije akalipuuza kwa kudhani kwamba ni ndoto tu.

Khalid hakumhukumu mtu kwa ndoto ile. Alituma watu wakatazame, nao wakaikuta deraya mahali palepale, chini ya chungu kilekile. Ndipo Abu Bakr alipoutekeleza wosia ule. Maulamaa wamesema hawamjui mwingine ambaye wosia wake alioutoa baada ya kufa ulitekelezwa. Imamu Ibnul-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, ameijadili habari hii katika kitabu chake juu ya roho, na kuonyesha kwamba kilichowapa nguvu Masahaba ni dalili za wazi zilizoambatana na ndoto ile.

Tuzitazame dalili hizo. Kwanza, ndoto ilitaja kitu kinachoweza kukaguliwa, kikakaguliwa, kikaonekana. Pili, aliyeota hakujipatia chochote; hakusema deraya apewe yeye. Tatu, ujumbe wenyewe ulikuwa wa kulipa deni na kumwacha mtu huru, mambo ambayo Sheria inayataka hata pasipo ndoto. Ndoto inayompa mwotaji nyumba, na kumnyima mjane thumuni yake au yatima fungu lake, iko mbali na ya Thabit kama mashariki na magharibi.

Msiba wa Hafsa

Ibn Sirin aliyajua machungu ya kufiwa kwa undani. Imepokewa kwamba mke wake mmoja alimzalia watoto thelathini, na hakubaki hai ila mmoja, Abdullah. Dada yake Hafsa naye alifiwa na mwanawe Hudhayl. Kijana huyu alikuwa akikausha kuni za mama yake wakati wa kiangazi, ili majira ya baridi ziwake bila ya moshi wa kumwumiza macho, kisha huja akauwasha moto nyuma yake anaposali. Asubuhi humletea maziwa ya ngamia wake. Alipofariki, Hafsa alisubiri kwa namna aliyojaaliwa na Mola wake, lakini palibaki donge kifuani lisiloondoka.

Hafsa alikuwa dada wa bingwa wa ndoto. Tungetarajia tusimuliwe kwamba Hudhayl alimjia usingizini. Haikuwa hivyo. Usiku mmoja alikuwa akisoma Suratun-Nahl, akafika kwenye aya inayosema kwamba vilivyo kwetu huisha na vilivyo kwa Mwenyezi Mungu hubakia, na kwamba wanaosubiri watalipwa ujira wao. Akairudia. Donge likamwondoka. Faraja ilimjia akiwa macho, juu ya msala wake.

Kufariki kwake

Husimuliwa kwamba katika mwaka wa 110 Hijria ilimfikia Ibn Sirin ndoto ya nyota mbili, moja ikitangulia na nyingine ikifuata. Akaielewa kwamba Hasan al-Basri, mwanachuoni mwenzake wa Basra, atafariki, kisha yeye atamfuata, na akaongeza kwamba Hasan ni mbora kuliko yeye. Ikawa hivyo. Hasan alifariki mwezi wa Rajab, na baada ya siku zipatazo mia moja, katika Shawwal, akafuata Ibn Sirin, mwanzoni mwa mwaka 729 Miladia. Waswahili husema muosha huoshwa; aliyewaosha wengi naye alioshwa.

Aliacha deni la dirhamu 30,000. Mwanawe Abdullah hakungoja baba amjie usingizini kulidai. Alilichukua na kulilipa, na Mwenyezi Mungu akamfungulia riziki hata mali yake ilipokuja kuthaminiwa ikafikia dirhamu 300,000 au zaidi. Nasi husema kila siku kwamba dawa ya deni ni kulipa.

Na huyu aliyefasiri ndoto za watu, naye alionekana ndotoni. Mmoja wa marafiki zake alihuzunika mno kwa kifo chake, hata watu wakawa wanamzuru kama mgonjwa. Kisha akasimulia kwamba amemwona katika hali njema, akamwuliza kuhusu Hasan, akajibiwa kwamba Hasan amenyanyuliwa daraja nyingi juu yake. Hakuna aliyeamriwa kitu katika ndoto ile, wala hakuna aliyepokonywa haki yake. Moyo wa rafiki ulitulia, basi. Hiyo ndiyo kazi ya ndoto njema.

Tunachojifunza

Ndugu msomaji, ukimwona mzazi wako usingizini katika hali ya kupendeza, mshukuru Mwenyezi Mungu na umweleze anayekupenda. Ukimwona katika hali ya kukutisha, jilinde kwa Mola wako, geuza ubavu, usali, wala usiitangaze, haitakudhuru. Usimpelekee mganga, kwani yeye huiongezea ndoto hofu, na hofu hiyo huiuza. Ukihisi unadaiwa kumfanyia marehemu jambo, yapo uliyofundishwa ukiwa macho: mwombee dua, mtolee sadaka, unga udugu na jamaa na marafiki zake.

Ukiota kwamba anadaiwa, tazama daftari lake, waulize waliofanya naye biashara. Deni likithibiti, lipa, kwa sababu ni deni. Ukiota kwamba amekupa fungu la mali, basi iache ndoto hiyo mlangoni pa kikao cha mirathi. Mafungu yameshagawanywa katika Suratun-Nisaa, na wosia hutolewa kabla ya mauti, usizidi theluthi. Msimamizi wa mirathi atakayesimama mbele ya Mola wake ataulizwa alichokifanya, hataulizwa alichokiota.

Na yule mjane aliye ndani katika eda, asikiaye maneno ya sebuleni, naye ana haki ya kulala usingizi wa amani. Hana ndoto ya kuwaonyesha watu. Ana fungu lake lililoandikwa, nalo linamtosha kuwa hoja.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wetu na wapendwa wetu waliotutangulia, ayapanue makaburi yao, atujaalie ndoto njema na mwamko mwema zaidi, na atuwezeshe kuzitimiza haki za walio hai na za waliokufa. Amin.